Gari Jipya, Mikono ya Zamani

"Gari langu nimekaa nalo miaka kumi na mitatu. Limechoka, nami nimepata pesa kidogo. Nichukue lingine lipi la spoti? Na kwa nini kila ninalolijaribu naliona kama si langu?"

Sehemu ya kwanza ya swali hilo ina majibu mengi mno. Simama mbele ya garaji yoyote ya hapa Uvira, kati ya Kavimvira na Kalundu, taja majina mawili ya magari, na jioni itakukuta hapo mabishano hayajaisha. Sehemu ya pili watu huipita, wakidhani ni hisia tu za mtu aliyezoea. Sura hii inaanzia hapo. Hisia hiyo ina sababu, na mwenye kuielewa sababu hiyo kabla ya kutoa pesa mara nyingi huishia kununua gari tofauti na lile alilokuwa akiliota.

Tuelewane kwanza juu ya jina. Gari la spoti, katika kitabu hiki, ni gari lenye namba za barabarani ambalo waliolitengeneza walitanguliza raha ya dereva mbele ya mizigo na abiria: linageuka upesi, linashika breki vizuri, na injini yake haichoki kuzunguka kwa kasi. Halilazimiki kuwa na milango miwili wala jina la Kiitaliano. Toyota Altezza yenye milango minne ni gari la spoti. Subaru Impreza WRX ni gari la spoti, na Toyota Celica vilevile. Nimechagua haya ya Kijapani kwa sababu hupita njia ileile ya Probox na Noah: meli hadi Dar es Salaam, kisha barabara hadi mpaka wa Kabanga na Kobero na kushuka Bujumbura, au reli hadi Kigoma na kupanda ziwa kwa boti hadi Kalundu.

Uvira magari ya aina hii ni machache, na si ajabu. Mji umebanwa kati ya milima na maji ya Tanganyika, na uti wa mgongo wake ni barabara moja, ile ya Taifa namba 5, inayotoka Bukavu, ikapita Kamanyola, Luvungi na Sange, ikaingia mjini, kisha ikafuata ufuko kwenda Makobola, Mboko na Baraka. Ina vipande vya lami na vipande virefu vya udongo. Mwenye gari la spoti hapa hana barabara ya pili ya kuchagua. Kwa hiyo akikosea kuchagua gari, kosa hilo atalala nalo na kuamka nalo.

Mwili unajifunza nini kwa miaka kumi

Dereva aliyekaa na gari moja muda mrefu hafikirii tena anapoendesha. Mguu wa kushoto unajua klachi inashika mahali gani. Mguu wa kuume unajua breki inataka kukandamizwa kwa kiasi gani ili gari lipungue bila abiria kuinama. Mikono inajua kona ya pale darajani inataka usukani uzungushwe kiasi gani. Sikio linajua wakati wa kubadilisha gia, macho hayahitaji kushuka kwenye kipima mizunguko, yaani ile saa inayoonyesha injini inazunguka mara ngapi kwa dakika.

Elimu hii yote haipo kichwani, ndiyo maana mwenye nayo hawezi kuieleza. Na kwa kuwa hawezi kuieleza, hajui kwamba anaihamishia kwenye gari jingine bila kukusudia.

Chukua mfano wa mtu aliyezoea Altezza RS200. Injini yake ya lita mbili haina turbo. (Turbo ni feni ndogo inayozungushwa na moshi wa injini yenyewe, ambayo kazi yake ni kushindilia hewa zaidi ndani ya silinda ili mafuta mengi zaidi yaungue.) Bila turbo, nguvu za Altezza hupanda polepole na kufika kileleni karibu na mizunguko 7,600 kwa dakika. Kwa miaka kumi sikio la mtu huyu limefundishwa kusubiri: bado, bado, sasa. Mpe Impreza WRX yenye turbo. Chini ya mizunguko 3,000 hivi gari linaonekana la kawaida, pengine hata zito. Kisha turbo inaamka, nguvu zinakuja zote pamoja, katikati ya kona, wakati sikio lake bado linasema "bado". Hapo ndipo anaposema gari si lake. Anasema kweli. Saa iliyo mwilini mwake inasoma wakati wa gari jingine.

Ndiyo sababu sikubaliani na wale wanaosema dereva mzuri ataendesha chochote. Ataendesha, ndiyo. Lakini katika wiki za mwanzo dereva mzoefu anaweza kuwa hatarini kuliko mwanagenzi, kwa sababu mwanagenzi anaogopa na mzoefu ana haraka ya kuamini mikono yake.

Magurudumu yanayosukuma

Kabla ya kuuliza nguvu za farasi, uliza ni magurudumu gani yanayopokea nguvu hizo. Jambo moja la kuelewa hapa ni kwamba uzito wa gari hautulii mahali pamoja. Ukikanyaga breki, uzito huja mbele. Ukiongeza mafuta, hurudi nyuma. Ukikata kona, huegemea upande wa nje. Tairi lililobeba uzito hushika barabara zaidi, lililopunguziwa hushika kidogo. Magari ya spoti yana familia tatu:

- Yanayovutwa na magurudumu ya mbele, kama Celica za kizazi cha mwisho, zilizotengenezwa kati ya 1999 na 2006. Ukiingia kona kwa kasi kupita kiasi, pua hukataa kugeuka na gari hutaka kwenda moja kwa moja. Ukiondoa mguu kwenye mafuta kidogo, uzito huja mbele na pua hutii.
- Yanayosukumwa na magurudumu ya nyuma, kama Altezza. Ukizidisha mafuta kwenye kona, mkia hutoka nje. Ukishtuka na kuondoa mguu ghafla, uzito hukimbia kutoka nyuma na mkia huweza kutoka zaidi.
- Yanayotumia magurudumu yote manne, kama Impreza WRX, Mitsubishi Lancer Evolution na Celica GT-Four. Haya hushika hata penye udongo uliolowa, lakini uwezo wao ukifika mwisho huteleza zima zima, na onyo lake ni fupi.

Soma tena mstari wa kwanza na wa pili. Dawa inayokuokoa kwenye familia moja inakudhuru kwenye nyingine. Mtu aliyekaa na Celica ya mbele miaka kumi amefundishwa kwamba kosa la kasi husahihishwa kwa kuondoa mguu. Akihamia Altezza na kufanya hivyohivyo kwenye kona yenye mchanga huko Makobola, nyuma ya gari inaweza kufika mbele kabla hajajua kilichotokea. Mguu wake haukukosea kwa kadiri ya mafunzo uliyopewa.

Na wale wanaohamia familia ya tatu wana kishawishi chao. Magurudumu manne yanayosukuma husaidia kuondoka na kupanda. Kusimama hayasaidii kitu, maana kila gari, hata lile la mbele au la nyuma tu, lina breki kwenye magurudumu yote manne. Gari la namna hii linakufikisha kwenye kasi kubwa upesi juu ya barabara mbaya, halafu linakuachia kazi ya kusimama uliyokuwa nayo zamani. Kwa kasi ya kilomita 80 kwa saa, sekunde moja ya kushtuka tu imekula mita 22 kabla mguu haujagusa breki. Na umbali wa breki zenyewe kwa kasi ya 80 ni mara nne ya ule wa 40, si mara mbili kama wengi wanavyodhani.

Nayaandika haya nikiufikiria uwanda wa Ruzizi, ambako barabara imenyooka na inamwita mtu akanyage. Barabara hiyohiyo hupita katikati ya nyumba, masoko na shule. Tarehe 2 Julai 2010, lori la mafuta lilipinduka Sange, likashika moto, na zaidi ya watu 200 wakafa, wengi wao wakiwa ndani ya nyumba au kando ya njia. Lilikuwa lori, wala halikuwa gari la spoti, lakini njia ni moja na watu waishio kando yake ni walewale. Anayetaka kujua gari lake jipya linakwenda kasi gani atafute mahali pengine, wala si Sange wala Luvungi.

*Kwa ufupi:* jua familia ya gari lako la zamani. Ukibaki katika familia hiyo, utajifunza mambo madogo. Ukiihama, kuna tabia moja kubwa lazima uivunje, nayo ni ile ya mguu wako unapoogopa.

Walivyobadilisha mabingwa wa Safari

Tunao ushahidi wa karibu. Mashindano ya magari ya Safari yalianza 1953 yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika, na kwa miaka mingi yalikuwa ndiyo kipimo kigumu kuliko vyote cha gari na dereva juu ya udongo wa Afrika Mashariki. Ukiyatazama kwa jicho la mtu anayebadilisha gari, yanafundisha mengi.

Edgar Herrmann, Mjerumani aliyekuwa akiishi Kenya, alishinda 1970 kwa Datsun 1600 SSS, gari la milango minne lililokuwa na umbo la gari la karani. Mwaka uliofuata akapewa Datsun 240Z, gari la spoti la kweli, refu mbele, lenye injini ya silinda sita. Akashinda tena. Joginder Singh, mzaliwa wa Kericho, alishinda 1965 kwa Volvo PV544, halafu 1974 na 1976 kwa Mitsubishi Lancer.

Anayenivutia zaidi ni Shekhar Mehta. Alizaliwa Uganda 1945, na Idi Amin alipowafukuza Waasia 1972 akahamia Kenya. Mwaka 1973 alishinda Safari kwa 240Z baada ya kulingana alama na Harry Källström, aliyekuwa na Datsun nyingine. Mshindi aliamuliwa kwa kutazama nani alikwenda mbali zaidi kabla ya kupata adhabu ya kwanza. Kisha, kuanzia 1979 hadi 1982, akashinda miaka minne mfululizo. Hakuwa tena na 240Z. Alikuwa na Datsun Violet, gari la silinda nne ambalo ndugu zake wa kawaida walipeleka watoto shule. Ushindi mmoja kwa gari zuri kwa sura, minne kwa lile lisilotazamwa mara mbili.

Tazama sasa magari hayo yote: 1600 SSS, 240Z, PV544, Lancer ya miaka ile, Violet. Injini mbele, nguvu nyuma. Madereva hao walibadilisha jina, umbo, idadi ya silinda, hata kiwanda. Familia hawakuibadilisha. Katika miaka hiyo hawakuwa na chaguo kubwa, nakubali. Hata hivyo miguu yao haikulazimika kusahau kitu, na naamini hilo lilisaidia.

Colin McRae wa Uskoti alikuja baadaye, wakati magari ya mashindano yamekuwa ya magurudumu manne. Alikaa na Subaru tangu 1991, akawa bingwa wa dunia nalo 1995, akashinda Safari nalo 1997. Mwaka 1999 akahamia Ford Focus mpya kabisa, na katika mashindano ya tatu tu ya gari hilo akashinda Safari. Watu hukumbuka hapo wakaishia hapo. Lakini baada ya kushinda Kenya na kisha Ureno, sehemu iliyobaki ya mwaka ule iliharibika kwa ajali na hitilafu. Familia ilikuwa ileile ya magurudumu manne. Mpangilio wa uzito ulikuwa mwingine, kwa kuwa injini ya Subaru imelala chini kwa urefu wa gari na ya Focus imesimama kwa upana wake. Kipaji kikubwa kuliko chetu sote, na timu nzima ya mafundi nyuma yake, na bado gari jipya lilimdai muda. Utalipa muda huo wewe pia.

Usukani wa kuume kwenye barabara ya kuume

Kongo, Burundi na Rwanda tunatembea upande wa kuume. Japani wanatembea kushoto, kama Tanzania, Kenya na Uganda. Kwa hiyo magari mengi ya spoti yanayotufikia yana usukani upande wa kuume, na shofere wetu huketi upande wa ukingo wa barabara, mbali na mstari wa katikati.

Wengi wamezoea kiasi cha kusahau. Ukitoka Baraka kurudi Uvira, ziwa liko kuume kwako, na mtu mwenye usukani wa kuume anauona ukingo wa barabara vizuri kuliko mwenzake. Hiyo ni faida halisi pale udongo ulipomegwa na maji. Lakini akitaka kulipita lori hana macho. Lazima gari zima litoke kwenye foleni ndipo aone mbele, au abiria amwambie "hakuna mtu". Mtu wa namna hii amejenga desturi ya kukaa nyuma sana ya lori ili apate pembe ya kuchungulia, na ni desturi nzuri.

Tuseme sasa anahamia gari la spoti lililotoka Ulaya, lenye usukani wa kushoto. Altezza yenyewe iliuzwa Ulaya kwa jina la Lexus IS 200, kwa hiyo anaweza kudhani amenunua gari lilelile. Pedali hazikubadilika: klachi kushoto, breki katikati, mafuta kuume. Vingine vimegeuka. Mkono wa kubadilisha gia sasa ni wa kuume. Gia ya kwanza, iliyokuwa mbali na mwili wake, sasa iko karibu na paja. Fimbo ya taa za kuonyesha upande iko kushoto, kwa hiyo kwa siku nyingi atakata kona huku akiwasha vifuta kioo juu ya kioo kikavu. Hayo huchekesha na kupita. Lisilochekesha ni upana: mwili wake umezoea kupima gari lote likiwa kushoto kwake, na sasa lote liko kuume, upande wa waenda kwa miguu, baiskeli na akina mama wenye mizigo kichwani. Atawapita karibu kuliko anavyodhani.

Kubadilisha upande wa usukani na familia ya magurudumu kwa mara moja ni mengi mno. Ningemwambia rafiki achague badiliko moja.

Hewa, mafuta na vumbi

Uvira iko mita 780 hivi juu ya bahari, Bukavu karibu 1,500. Kadiri unavyopanda hewa huwa nyepesi, na injini isiyo na turbo hupumua ile hewa iliyopo tu. Mjini Uvira inapoteza karibu sehemu moja ya kumi ya nguvu zake, Bukavu karibu sehemu moja ya sita. Zile nguvu za farasi 210 za Altezza zinakuwa karibu 190 ufukoni na 175 hivi ukishapanda mlima wa Ngomo kwenda Bukavu. Turbo hufidia sehemu kubwa ya hasara hiyo kwa kushindilia hewa. Kwa mtu anayepanda na kushuka mara kwa mara kati ya Uvira na Bukavu, hii ndiyo hoja ya haki kuliko zote ya kuhamia turbo.

Namba za kwenye tangazo zisomwe kwa uangalifu. Tangu 1989 hadi 2004 viwanda vya Japani viliheshimu mapatano ya kutotangaza gari lenye zaidi ya nguvu za farasi 280, ndiyo maana magari yasiyofanana kabisa yanaandikwa namba hiyohiyo moja.

Turbo ina deni lake, nalo hulipwa kwenye mafuta. Petroli hupimwa kwa okteni, yaani uwezo wake wa kustahimili kugandamizwa bila kulipuka kabla ya wakati. Petroli bora ya Japani ni ya okteni ya juu, na injini za WRX, hata ile ya RS200, zilitengenezwa kwa ajili yake. Huku kwetu unanunua unachokikuta. Na ukinunua kwa kadafi, wale wauzaji wa vidumu na chupa kando ya barabara, hujui kilichomo: pengine petroli safi, pengine imechanganyika na maji au mafuta ya taa. Miaka hii Burundi ilipokosa mafuta, watu walivuka Kavimvira kuja kuyatafuta Uvira, na biashara ya vidumu ikapata nguvu zaidi. Injini ya Probox huvumilia uchafu huo kwa muda. Injini ya turbo hugonga, sauti kama kokoto ndani ya bati, na kugonga kukiendelea pistoni hupasuka. Ukiisikia, punguza mguu mara moja.

Kuna na vipuri. Injini ya Altezza RS200 ni ya ukoo mmoja na zile za lita mbili zilizomo kwenye RAV4, Ipsum na Noah za zamani, kwa hiyo fundi yeyote wa Toyota hatashangaa akifungua boneti. Asidanganywe na ukoo huo: kichwa cha injini ni tofauti kabisa. Impreza ni kitu kingine. Silinda zake zimelala, mbili kila upande, na kubadilisha plagi tu kunahitaji mkono uliozoea. Mkanda unaoendesha vali zake hubadilishwa kila kilomita 100,000. Ukikatika, vali na pistoni hugongana na injini imekwisha. Gari lililotumika likifika bila karatasi ya kuthibitisha, hesabu kwamba mkanda haujabadilishwa na uubadilishe kabla ya kitu kingine chochote.

Maoni yangu, basi. Mwenye Altezza anayeishi kwenye njia ya Bukavu na Baraka achukue WRX ya kawaida na aiache STI, dada yake mkali. Springi za STI ni ngumu mno kwa udongo wetu, na injini yake inadai mafuta bora kuliko tunayopata. Ila kwanza amtafute fundi ambaye amewahi kuifungua injini ya Subaru na kuifunga tena ikawaka. Kama hayupo Uvira wala Bujumbura, abaki na Toyota ya magurudumu ya nyuma. Ataiendesha miaka, wakati WRX ingelala kwenye matofali ikisubiri gasketi.

Gari lililokunywa maji

Onyo hili ni la pwani yetu hasa. Ziwa lilipanda sana kuanzia 2020, likapanda tena 2024. Gatumba, upande wa Burundi, ilifunikwa, Kalundu pia. Aprili 2020 mto Mulongwe ulifurika na kubeba nyumba, watu na madaraja. Magari mengi yalilala majini, yakakaushwa, yakapakwa rangi. Baadhi yatakuja kwako yaking'aa, na bei nzuri.

Nyanyua zulia la chini ya kiti na uguse kwa vidole: tope jembamba hubaki kwenye mikunjo. Tazama reli za viti na skrubu za chini kama zina kutu. Vuta mkanda wa usalama mpaka mwisho wake, sehemu ambayo hakuna anayekumbuka kuiosha, uone kama una mstari wa maji. Tazama ndani ya taa kama kuna ukungu. Ukikuta viwili kati ya hivyo, ondoka. Gari la spoti lina nyaya na vihisio vingi kuliko gari la kawaida, na maji yaliyoingia humo huendelea kula polepole.

Wiki za kwanza

Lililo gumu si kujifunza gari jipya, ni kulinyamazisha la zamani, na hilo halifanyiki barabarani katikati ya watu. Tafuta uwanja mpana wa udongo, asubuhi, pasipo watoto. Kwa kasi ya 30 au 40, kanyaga breki mpaka gari lisimame, tena na tena, hadi mguu ujue. Zunguka duara polepole, ongeza mafuta kidogo, sikia ni upande gani unaanza kuteleza kwanza. Kisha ondoa mguu usikie gari linajibu nini. Fanya hivyo hivyo mvua ikishanyesha.

Usiazimishe gari jipya katika kipindi hiki, na la zamani liache kabisa kuliendesha. Hili la pili watu hulipuuza. Wanabaki na yote mawili, leo hili kesho lile, na mwili haupati nafasi ya kuamua. Ukiwa na turbo, jifunze pia kutozima injini mara tu unapofika kutoka safari ngumu. Iache izunguke taratibu kwa dakika moja au mbili ili mafuta ya injini yaipoze ile feni, ambayo ilikuwa imewaka moto kwelikweli.

*Kwa ufupi:* badilisha jambo moja kwa wakati, jaribu pasipo watu, na uliache la zamani lipumzike.

La zamani lifanywe nini

Wapo wanaoona aibu kusema kwamba kuuza gari la miaka kumi na mitatu kunawauma. Sioni aibu iko wapi. Gari hilo limebeba wagonjwa usiku, maharusi, na pengine jeneza la mzazi. Lakini gari la spoti lililoegeshwa uani kwa mapenzi huharibika haraka kuliko linaloendeshwa: mpira hukauka, petroli huchacha, panya huhamia kwenye nyaya. Bora apewe mtu atakayeliendesha.

Mwambie kila unachojua, hasa yale ambayo mwili wako umeyazoea hata huyaoni tena: kwamba gia ya pili inataka subira asubuhi, kwamba breki huvuta kushoto kidogo, kwamba sindano ya mafuta hudanganya ikifika robo. Mpe karatasi za fundi hata zilizochafuka. Na msiachane kwa kupeana mikono tu. Hati ya gari ihamie kwa jina lake, na bima yako uifute, pamoja na ile kadi ya njano ya COMESA iliyokuwa ikikuvusha Kavimvira hadi Gatumba. Mpaka siku karatasi hizo zitakapotoka zimegongwa muhuri, jambo lolote litakalotokea na gari hilo, iwe Bujumbura au Baraka, wa kwanza kutafutwa ni wewe.